Mafuta ya Breki Si Mafuta: Kwa Nini Breki za Pikipiki za Mashindano Huchoka

Katika lugha ya gereji zetu, kimiminika kinachojaa ndani ya masta silinda huitwa mafuta ya breki. Jina hilo limekwisha kuzoeleka, na sina tamaa ya kuligombea na mafundi. Hata hivyo, yafaa mwanafunzi aelewe tangu mwanzo kwamba kitu hicho si mafuta. Mafuta hayachanganyiki na maji. Kimiminika hiki, katika aina zake zinazotumika zaidi, huyanywa maji. Mafuta ya injini yakitiwa katika mfumo wa breki, raba zake huvimba na kuharibika. Kimiminika hiki kimetengenezwa makusudi ili raba hizo zidumu. Nami nadai kwamba kutoijua tofauti hiyo, pamoja na desturi ya kuitazama breki kama chombo cha nguvu badala ya kuitazama kama chombo cha joto, ndiko kunakowafanya wapenzi wengi wa pikipiki, wakiwamo baadhi ya wanaoshindana nazo, watafute dawa ya kuchoka kwa breki mahali pasipo na ugonjwa.

Kuchoka kwa breki ni hali ambayo mwendeshaji huukamua mkono wa breki vilevile alivyoukamua katika mzunguko uliotangulia, lakini pikipiki haipunguzi mwendo kama ilivyopunguza hapo awali. Katika barabara ya kawaida hali hiyo huweza kupita bila kutambuliwa. Katika uwanja wa mbio, ambako kila kona hupimwa kwa hatua chache, haina mahali pa kujificha. Tarehe 23 Agosti 2020, katika mbio za Styria zilizofanyika kwenye uwanja wa Red Bull Ring nchini Austria, Mhispania Maverick Viñales aliikaribia kona ya kwanza, breki ya mbele ya Yamaha yake ikakataa. Alikuwa katika mwendo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Akaamua kujirusha chini. Pikipiki ikaendelea peke yake hadi kwenye ukingo wa mifuko ya hewa, ikawaka moto, na mbio zikasimamishwa. Yeye aliinuka na kwenda kwa miguu yake.

Walioitazama ajali hiyo katika televisheni walistaajabia ule mruko. Mimi napenda wanafunzi wastaajabie mambo mengine mawili. La kwanza ni kwamba breki hazikukatika ghafla: mizunguko kadhaa kabla ya hapo mwendeshaji alikuwa amekwisha kuhisi kwamba zinampungukia. La pili ni kwamba alikuwa bado anatumia kalipa za toleo la zamani, hali baadhi ya wenzake walikuwa wamekwisha kuhamia toleo jipya lililoundwa ili lipoe vizuri zaidi. Uwanja ulikuwa mmoja, jua lilikuwa moja, na mwendo ulikaribiana. Kilichotofautiana kilikuwa njia ya kuliondoa joto.

Basi tuanze na hesabu, maana bila hesabu mazungumzo ya breki hugeuka kuwa mabishano ya vijiweni. Tuchukue pikipiki ya mashindano ya kawaida ambayo, pamoja na mwendeshaji wake na mavazi yake ya ngozi, ina tungamo la kilo 260. Inakaribia kona kwa mwendo wa mita 60 kwa sekunde, yaani kilomita 216 kwa saa, na inatakiwa kuingia konani kwa mita 30 kwa sekunde. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo. Tofauti kati ya nishati ya mwanzo na ya mwisho ni jouli 351,000. Kiasi hicho kinatosha kuichemsha lita moja ya maji yaliyotolewa mtungini, nacho kimetolewa kwa muda wa sekunde tatu au nne. Ni jiko gani la nyumbani liwezalo kazi hiyo?

Mwanafunzi na azingatie pia kwamba mwendo umepungua kwa nusu tu, lakini nishati iliyoondolewa ni robo tatu ya ile yote iliyokuwapo. Ndiyo maana uwanja wenye njia ndefu zilizonyooka zikifuatwa na kona kali huzitesa breki kuliko uwanja wenye kona nyingi za mwendo wa wastani. Motegi huko Japani ni uwanja wa namna hiyo. Waandaaji wa mbio za MotoGP waliamuru tangu mwaka 2014 kwamba hapo zitumike diski za mbele zenye kipenyo cha milimita 340 badala ya 320, na baadaye zikaja hata za 355. Diski za pikipiki hizo ni za kaboni, na tabia yake ni ya ajabu kidogo: zikiwa chini ya nyuzi 200 za sentigredi hazishiki sawasawa, nazo huendelea kufanya kazi hadi karibu na nyuzi 800. Lakini hizo ni breki za matajiri. Walio wengi katika uwanja wa mbio, wakiwamo washindani wa pikipiki za Superbike, hutumia diski za chuma cha pua, na hizo ndizo nitakazoendelea nazo.

Tuseme robo ya zile jouli imechukuliwa na upepo, injini na matairi. Zimebaki kama 263,000, na karibu zote humwangukia breki wa mbele, kwa kuwa katika kufunga breki kwa nguvu uzito huhamia mbele na gurudumu la nyuma hugusa lami kwa shida. Pete mbili za diski, yaani sehemu ile inayosuguliwa na pedi, zina chuma cha yapata kilo mbili kwa jumla. Kilo moja ya chuma huhitaji kama jouli 480 ili kupanda uzi mmoja. Gawanya, utapata nyuzi 274. Kwa kweli kupanda kutakuwa pungufu kidogo ya hapo, kwani sehemu ya joto huenda kwenye pedi na nyingine huchukuliwa na hewa papo hapo. Lakini mwanafunzi amekwisha kuona ukubwa wa jambo lenyewe. Kona moja, karibu nyuzi mia tatu.

Kisha inakuja kona ya pili kabla diski haijapoa. Diski iliyokuwa na nyuzi 150 hupanda hadi mia nne na kitu, hushuka kidogo katika njia iliyonyooka, na kuanza tena juu zaidi ya pale ilipoanzia mara ya kwanza. Je, itapanda bila kikomo? La. Kadiri diski inavyozidi kuwa moto, ndivyo inavyotoa joto kwa kasi zaidi: kwa hewa, kulingana na tofauti ya halijoto, na kwa mnururisho, kulingana na kipeo cha nne cha halijoto yake kamili. Hatimaye hufika mahali ambapo joto linaloingia katika mzunguko mmoja hulingana na joto linalotoka. Swali lote la kuzuia breki zisichoke ni hili: je, mlingano huo utapatikana kabla au baada ya mojawapo ya sehemu za breki kufika kikomo chake? Anayemfuata mwenzake kwa karibu mno, akinyonya upepo wake, hupata hewa kidogo na yenye joto, na mlingano wake huwa juu zaidi. Waendeshaji hodari hulijua hilo, nao hujitoa pembeni kidogo katika njia iliyonyooka ili breki zao zivute pumzi.

Sasa, ni sehemu gani hushindwa kwanza? Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo, kwa sababu neno moja la kuchoka linabeba magonjwa zaidi ya moja. Alama za kuyatofautisha ziko mkononi mwa mwendeshaji mwenyewe. Akikamua na kuuona mkono wa breki ni mgumu kama kawaida, lakini pikipiki haisimami, basi ni pedi. Gundi inayoshikamanisha chembe za pedi za kawaida huanza kuungua na kutoa gesi, na msuguano hupungua. Dawa yake ni pedi za madini yaliyoshindiliwa kwa joto, au pedi zilizoundwa kwa ajili ya mashindano. Na mwendeshaji atambue kwamba baadhi ya pedi za mashindano hazishiki vizuri zikiwa baridi, kwa hiyo si za kwendea sokoni. Lakini akikamua na mkono wa breki ukawa laini, ukaenda hadi kugusa usukani, basi kilichoshindwa ni kimiminika. Kimechemka.

Juu ya ugonjwa huu wa pili nitakaa kitambo, maana ndio wenye hila zaidi na ndio wenye dawa rahisi zaidi.

Kimiminika cha breki hupangwa katika madaraja yanayotambulishwa kwa herufi DOT, zitokanazo na jina la Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Kila daraja lina viwango viwili vya chini vya kuchemka: kimoja cha kimiminika kikavu, yaani kipya, na kingine cha kimiminika kilicholowa, ambacho kimenywa maji kiasi cha asilimia 3.7. DOT 3 kikavu hakitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na kilicholowa chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Soma tena tarakimu za DOT 4. Gramu 37 za maji ndani ya kilo moja ya kimiminika zinaruhusu kiwango cha kuchemka kianguke kwa nyuzi 75. Maji hayo hayakumwagwa na mtu. Yamepenya taratibu kutoka hewani, kupitia tundu la kupumulia la kikopo cha juu na hata kupitia kuta za mipira ya breki. Katika hewa ya pwani, yenye unyevu mwaka mzima, kikopo kilichoachwa wazi hakihitaji mvua ili kiharibike.

Lipo daraja jingine, DOT 5, la silikoni, ambalo halinywi maji. Msomaji makini atauliza kwa nini basi lisitumiwe katika mashindano. Sababu ni kwamba silikoni hubanika zaidi na hushika hewa ndani yake, hivyo mkono wa breki hukosa ule ugumu ambao mwendeshaji huutegemea. Tena maji yakiingia kwa njia yoyote, kwa kuwa hayachanganyiki nayo, hukusanyika mahali pa chini na kuchemka yakiwa maji matupu. Vimiminika maalumu vya mashindano ni vya jamii ile inayonywa maji, na baadhi yake, vikiwa vipya, huvuka nyuzi 300 kabla ya kuchemka. Hila imo katika hayo maneno mawili: vikiwa vipya.

Ubaya wa mvuke huonekana ukilinganisha ujazo. Gramu moja ya maji, ikigeuka mvuke katika kanieneo ya kawaida ya hewa, hujaza zaidi ya lita moja na nusu. Masta silinda ya pikipiki husukuma mililita chache tu kwa mkamuo mmoja. Basi sehemu ya mia moja ya mililita ya maji, kiasi ambacho jicho lingekidharau, ikigeuka mvuke hutoa zaidi ya mililita kumi na tano. Kimiminika hakibaniki, mvuke hubanika. Mkono wa mwendeshaji unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni.

Na hapa pana jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha katika vitabu vya shule. Kiwango cha kuchemka hupanda pamoja na kanieneo. Wakati mwendeshaji anapokamua, kanieneo ndani ya kalipa ni kubwa sana, na kimiminika chenye joto kali hubaki kimiminika. Anapoachia breki ili aongeze mwendo, kanieneo huanguka, na hapo ndipo mvuke hupata nafasi ya kuzaliwa. Mwendeshaji hajui. Breki ilikuwa njema katika kona aliyoiacha. Anapoifikia inayofuata, anakamua na kukuta utupu. Tena joto huchukua muda kusafiri kutoka kwenye diski kupitia pedi na pistoni, hivyo kimiminika huweza kuendelea kupata moto hata diski zikiwa zinapoa. Hii ndiyo sababu ya kumtaka mshindani apite mzunguko wa mwisho taratibu, akitumia breki kwa uchache, kabla ya kuingia katika eneo la mafundi. Na asisimame hapo ameubana mkono wa breki, kwani diski moto iliyobanwa mahali pamoja haina upepo, na joto lake lote litaelekea kwenye kalipa.

Pamoja na hayo yote, mpenzi wa pikipiki mwenye fedha kidogo akilalamikiwa na breki zake, jambo la kwanza analolitamani ni diski kubwa zaidi, ikiwezekana yenye matundu mengi. Sisemi kwamba ukubwa hauna maana. Habari za Motegi zinanikanusha. Lakini diski kubwa ni nzito, na uzito unaozunguka katika gurudumu huifanya pikipiki igome kugeuka. Kuhusu matundu, watu huamini kwamba yanapoza. Huenda yakasaidia gesi na maji kutoka katikati ya pedi na diski, lakini kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na chuma kilichopungua, kwa hesabu ile ile tuliyoifanya, maana yake ni nyuzi nyingi zaidi kwa kila kona. Afadhali diski inayoelea, iliyoungwa kwa vifungo vinavyoiacha itanuke: pete yenye nusu kipenyo cha milimita 160 ikipanda nyuzi 400 hutanuka karibu robo tatu ya milimita, na ikinyimwa nafasi itapinda kama sahani. Afadhali pia mabomba ya kuelekeza upepo kwenye kalipa, na kipande chembamba cha titani nyuma ya pedi, madini ambayo hupitisha joto kwa shida. Na kabla ya yote hayo, afadhali chupa mpya ya kimiminika, iliyofunguliwa siku hiyo hiyo, na nusu saa ya kutoa hewa katika mfumo. Mshindani anayebadilisha diski na kukiacha kimiminika cha mwaka jana amenunua sufuria mpya ili apike unga uliooza.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Austria na Japani, nasi hatuna viwanja vya namna hiyo. Kwa heshima zote, nawapinga kwa mfano mmoja. Kati ya Lushoto na Mombo kuna tofauti ya kimo ya yapata mita elfu moja. Pikipiki ya bodaboda na abiria wake, ikiwa na tungamo lile lile la kilo 260, hupoteza katika mteremko huo jouli milioni mbili na nusu, yaani zaidi ya mara saba ya ile kona yetu ya mashindano. Ikishuka ikiwa katika gia ndogo, injini na upepo huchukua fungu kubwa. Ikishuka ikiwa imetolewa gia ili kuokoa petroli, breki ndizo zinazodaiwa. Nazo mara nyingi ni za dramu, ambazo zina udhaifu wao: dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia pedi, wakati diski ikinenepa huisogelea. Waendeshaji wa mashindano walivumilia dramu hizo kwa miaka mingi. Honda CB750 ya mwaka 1969 ndiyo iliyoileta diski yenye kusukumwa kwa kimiminika katika pikipiki za kuuzwa kwa wingi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa sekondari jambo moja. Nishati ya mwendo hufundishwa katika sura yake, joto katika sura yake, kanieneo ya vimiminika katika sura nyingine, na unyevu wa hewa huachiwa mwalimu wa jiografia. Breki ya pikipiki huzikutanisha zote katika kitu kimoja ambacho kila mwanafunzi amekiona asubuhi hiyo akija shuleni. Mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba na kujazwa maji, yatatosha: sukuma moja, na jingine litaitika mara moja. Kisha ingiza povu la hewa la ukubwa wa punje ya mahindi, na umwite mwanafunzi mwenye nguvu kuliko wote asukume tena. Baada ya hapo apewe hesabu ya zile kilo 260, na fundi wa jirani aalikwe darasani na kikopo cha kimiminika alichokitoa katika pikipiki ya mteja, pamoja na kingine kipya, ili rangi zake zilinganishwe mbele ya dirisha.